Nataka kujikita kwenye utafiti wa uzee: PhD nianzie wapi, na nipime nini?

BintiUluguru

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Nina shahada ya uzamili ya afya ya jamii, nipo Morogoro. Nataka kufanya uzamivu kuhusu uzee, kisha nibaki kwenye eneo hilohilo kama mtafiti. Nimeandika wazo la kurasa mbili: kupima ukubwa wa tatizo la demensia (kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) kwa wazee 200 wa miaka 60 na kuendelea katika kata mbili, na humohumo kupima nguvu za mwili, sonona, lishe na msaada wanaoupata kwa watoto wao.

Watu 200 wanatosha? Nitumie kipimo gani cha akili kwa mzee ambaye hakuingia darasani? Na baada ya PhD mtu anaendeleaje na fani hii, maana vyuo vyetu vingi havina hata idara ya gerontolojia, yaani sayansi ya uzee? Naomba majibu ya moja kwa moja, niko tayari kubadilisha kila kitu.

TakwimuZaUmri

Marahaba dada. Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayoliangusha andiko lako mbele ya kamati.

Utafiti wa Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, ulichuja wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, na kiwango cha demensia baada ya kurekebisha umri kilikuwa asilimia 6.4. Ichukue 6.4 hiyo uiweke kwa watu wako 200. Utapata wagonjwa 13 hivi, na jibu lako litasema ukweli uko mahali fulani kati ya asilimia 3 na karibu 10. Hilo halimsaidii mtu yeyote kupanga huduma. Tena wewe unaanzia miaka 60, ambako ugonjwa ni nadra zaidi, kwa hiyo hata hao 13 usiwategemee. Ukitaka kosa lisizidi pointi 1.5 juu na chini, unahitaji watu 1,023 kwa sampuli rahisi ya nasibu. Ukichagua kwa vitongoji, zidisha kwa athari ya makundi (watu wa kitongoji kimoja hufanana, kwa hiyo unahitaji wengi zaidi), ukikadiria 1.5 tu unafika 1,535. Mwanafunzi wa uzamivu hana fedha hiyo. Liache swali la ukubwa wa tatizo, tafuta swali ambalo watu 200 wanaweza kulijibu vizuri. Yapo mengi.

Jambo la pili ni zito kuliko sampuli, na kwenye maandiko mengi halipewi hata aya moja: umri wenyewe. Utafiti wako wote unasimama juu ya namba ambayo mzee mwenyewe mara nyingi haijui. Watu huangukia kwenye 60, 65, 70, 75, 80. Kitambulisho hakikuokoi, kwa sababu tarehe za 1 Januari na 1 Julai mara nyingi ni makadirio ya karani. Na pale ambapo umri unaleta haki, namba husogea kuelekea kwenye mstari wa haki hiyo: miaka 60 kwa matibabu bila malipo ya wazee wasiojiweza Tanzania Bara, miaka 70 kwa pensheni ya wazee wote iliyoanza Zanzibar 2016, na miaka 70 kwa Inua Jamii, posho ya wazee kule Kenya. Mtu akihisi orodha yako ina uhusiano na fedha, wa miaka 66 atakuwa na 70.

Kwa hiyo usiulize "una miaka mingapi" ukaandika na kuondoka. Tengeneza kalenda ya matukio. Ya taifa ni rahisi: kumalizika kwa Vita vya Pili 1945, kuzaliwa kwa TANU 1954, Uhuru Desemba 1961, Mapinduzi Januari 1964, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji 1973 na 1974, Vita vya Kagera 1978 na 1979. Lakini ya taifa haitoshi. Ongeza ya hapo hapo: mwaka daraja liliposombwa, mwaka shule ya msingi ilipofunguliwa, mafuriko, njaa yenye jina. Hayo unayapata kwa kikao cha nusu siku na wazee watano au sita wa kata, kisha unayahakiki kwenye kumbukumbu za misheni, msikiti au shule. Halafu unamuuliza mzee: wakati wa Uhuru ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa unachunga mbuzi au ulikuwa mgongoni? Mtoto wako wa kwanza sasa ana umri gani, na ulimzaa ukiwa na umri gani? Ukifika kwa Wamaasai uliza rika (Ilnyangusi, Iseuri, Ilkitoip), ila kumbuka rika moja hubeba kama miaka 15, kwa hiyo linakupa mipaka, halikupi mwaka.

Kwenye dodoso weka nafasi tatu: umri aliosema, umri wa hati, na umri wa kalenda. Nafasi ya nne ni ya mdodosaji kuandika ni upi ameutumia na kwa nini.

Baadaye pima ubora wa namba hizo kwa kipimo cha Whipple, kinachoonyesha watu wameangukia kiasi gani kwenye namba za sifuri na tano (100 ni kwamba hawakuangukia). Kipimo cha kawaida huchukua miaka 23 hadi 62, wewe kitohoe uchukue 58 hadi 77. Hesabu waliotaja 60, 65, 70 na 75, zidisha kwa 5, gawanya kwa watu wote wa 58 hadi 77, zidisha kwa 100. Tunaanza 58 badala ya 60 ili kila namba ya sifuri au tano ikae katikati ya wenzake, kupungua kwa watu kwa sababu ya vifo kusikudanganye. Mfano wa kubuni tu: watu 400, kati yao 150 wakataja miaka hiyo minne, unapata 187.5. Chini ya 105 ni safi sana. Juu ya 175 ni mbaya mno, na jedwali lolote la umri wa mwaka mmojammoja hapo halina maana. Tumia makundi mapana.

FizioKaskazini

Namuunga mkono mkuu hapo juu kuhusu umri. Mimi niongelee vipimo.

Kwa akili, usitumie MMSE, kile kipimo cha kumbukumbu na fikra kinachotumika sana hospitalini. Ina hakimiliki, na inadai kusoma, kuandika na kuchora, hivyo mzee mzima wa akili ambaye hakusoma anaonekana mgonjwa. Kipo kipimo kifupi cha IDEA, kilichotokana na kazi ya Hai hiyohiyo na kikajaribiwa Nigeria pia. Kina vipengele sita na alama kutoka 0 hadi 15. Ndani yake kuna maneno 10 ya kukumbuka baada ya muda, kutaja wanyama kwa dakika moja, na kupanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa badala ya kuchora. Alama 7 kushuka chini ni dalili nzito, 8 na 9 ni mashaka. Ni kipimo cha kuchuja tu. Anayeonekana nacho kuwa na tatizo huwezi kumwandika "ana demensia" mpaka daktari amfanyie uchunguzi kamili na ndugu wa karibu ahojiwe.

Kinachoharibu ni haya. Usikivu kwanza: asiyesikia vizuri anapoteza maneno 10 kabla hajayasahau. Simama nyuma yake kiasi cha hatua moja, nong'ona namba, arudie. Akishindwa, andika, na usimlinganishe na wengine bila kuzingatia hilo. Pili ni macho: mwenye mtoto wa jicho haoni njiti. Weka njiti juu ya kitambaa cheusi au cha rangi iliyokolea, kaeni penye mwanga. Tatu ni sheria za kuhesabu wanyama. Kabla hamjaingia kijijini, timu nzima ikubaliane kama jogoo, tetea na kifaranga ni mmoja au watatu, kama samaki na wadudu wanahesabiwa, na kama mnyama aliyetajwa kwa lugha ya kabila anaingia (aingie). Timu mbili zenye sheria tofauti zitakuletea tofauti kati ya kata mbili ambayo haipo.

Nne ni mtoto au mkwe aliyekaa pembeni, anayejibu kwa niaba ya mzee. Ukimfukuza ni utovu wa adabu. Dawa yake ni kwenda wadodosaji wawili: mmoja anabaki na mzee, mwingine anamchukua ndugu uani kwa dodoso lake mwenyewe la mtoa taarifa, kwa wakati uleule. Mnapata vyote viwili.

Nguvu za mkono: dainamomita ya haidroliki (kifaa cha kuminya kinachosoma nguvu kwa kilo), mzee amekaa, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, mkono haugusi paja wala meza. Mara tatu kila mkono kwa kubadilishana, chukua namba kubwa kuliko zote. Maneno ya kuhamasisha yawe yaleyale kwa kila mtu, maana sauti ya mdodosaji peke yake inabadilisha kilo. Asiminye mwenye kidonda au aliyefanyiwa upasuaji wa mkono karibuni. Kifaa kihakikiwe kwa mizigo inayojulikana kabla ya kuanza na katikati ya kazi. Viwango vya Ulaya vya 2019 vinasema udhaifu ni chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke. Viripoti ili ulinganishwe na wengine, lakini visiwe uamuzi wako wa mwisho. Vimetokana na watu wa huko. Onyesha pia mgawanyo wa watu wako mwenyewe kwa umri na jinsia.

Mwendo: mita 4 zilizopimwa kwa futi kamba, na mita moja ya ziada kila upande ili asianze kusimama kabla hajamaliza. Sekunde 5 kamili ni mita 0.8 kwa sekunde, na hapo au chini yake huhesabiwa mwendo wa polepole. Kandambili iliyolegea inaongeza sekunde, na uwanja wenye mteremko vilevile. Avue kandambili, au kila mtu avae viatu vyake vya kila siku. Chagua moja uiandike kwenye mwongozo.

Na tafadhali, beba kiti chako. Kipimo cha kusimama na kukaa mara tano kinataka kiti cha urefu wa sentimita 43 hadi 45, kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani. Ukitumia kigoda cha nyumba hii na benchi la nyumba ile, umepima samani. Zaidi ya sekunde 15 kwa mara tano ni dalili ya udhaifu.

Kwa lishe, urefu wa mtu mwenye kibiongo hauaminiki. Pima urefu wa goti au upana wa mikono iliyonyooshwa, ukadirie kutoka hapo. La mwisho: usipime nguvu wala presha mchana wa Ramadhani kwa waliofunga, kisha uwalinganishe na waliopimwa mwezi mwingine.

BintiUluguru

Nashukuru sana, nimeyaandika yote. Nikiacha swali la ukubwa wa tatizo, watu 200 wanaweza kujibu swali gani la kufaa PhD? Na mnasema timu, lakini bajeti yangu ni ya wadodosaji wawili.

Mlezi_wa_Tasnifu

Dada, wadodosaji wawili wanatosha kwa watu 200 kama hutawalazimisha kumaliza wazee sita kwa siku. Dodoso ulilolieleza, lenye akili, nguvu, sonona, lishe na msaada wa watoto, ni saa mbili na zaidi, na salamu peke yake kwa mzee ni dakika kumi ambazo huwezi kuzikata. Mzee wa miaka 82 baada ya dakika 45 anajibu "ndiyo" ili uondoke. Igawe kwa siku mbili: siku ya kwanza ridhaa, umri na familia, siku ya pili, asubuhi, akili na mwili. Wazee watatu kwa siku kwa wadodosaji wawili ni kasi ya haki.

Swali la PhD. Ningekushauri sura tatu zinazotembea pamoja.

Ya kwanza isitumie senti ya kijijini. Kati ya 2006 na 2007 vituo vinane vya ufuatiliaji wa watu vya Afrika na Asia, pamoja na Ifakara na Nairobi, vilihoji watu zaidi ya 46,000 wa miaka 50 na kuendelea kwa dodoso fupi la SAGE, utafiti wa uzee wa Shirika la Afya Duniani. Data hiyo inapatikana kwa watafiti. Ifakara ni mkoani kwako. Chukua swali la msaada wa familia na uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, ulichambue hapo. Utajifunza makosa ya data ya wazee kabla hujatengeneza yako.

Ya pili ni uhalali wa kipimo: watu wako 200, kipimo kifupi dhidi ya uchunguzi wa daktari. Usiwachukue kwa nasibu tupu, utapata wagonjwa wachache mno. Chuja wengi kwa haraka, kisha peleka kwa daktari wote wenye alama za chini, nusu ya wa katikati, na sehemu ndogo ya wenye alama za juu. Kwenye uchambuzi uwarudishie uzito wao, yaani kila kundi lihesabiwe kwa ukubwa wake halisi kijijini. Daktari asizione alama za kuchuja. Akiziona, sura nzima imekufa.

Ya tatu ni kuwarudia walewale baada ya miezi 12. Hii ndiyo itakayokutofautisha na wengine. Uzee ni mwendo, na picha moja haionyeshi mwendo. Tafiti kubwa za fani hii zimejengwa kwa kurudi: ile ya Marekani ilianza 1992 Chuo Kikuu cha Michigan na bado inaendelea, ya Agincourt, Afrika Kusini, ilianza na watu 5,059 wa miaka 40 na zaidi. Mtafiti mwenye wazee 180 aliowaona mara tatu ana cha kusema kuliko mwenye 2,000 aliowaona mara moja.

Kuhusu maisha baada ya PhD: nani atakuajiri kama mwanagerontolojia? Kwa cheo hicho, karibu hakuna. Utaajiriwa kama mtaalamu wa afya ya jamii, muuguzi, mwanademografia au mwanasosholojia, na uzee utakuwa eneo lako. Kwa hiyo shika fani moja mama kwa uhakika, njia zake uzijue mpaka ndani. Kisha shika swali moja, usiliachie. Angalia safari ya Isabella Aboderin: kazi yake ya mwanzo ilihusu msaada wa familia kwa wazee mjini Accra, akiuliza kwa nini unapungua. Swali la nani anamtunza mzee amelibeba mpaka Oxford, Nairobi kwenye APHRC (kituo cha Afrika cha utafiti wa idadi ya watu na afya) alikoongoza kazi ya uzee, na Bristol. Wazo lako la sasa lina maswali matano. Linamwonyesha msomaji kwamba bado hujachagua. Ukiniuliza, chagua msaada wa familia au akili. Lishe na sonona zibaki kama vigezo vya kudhibiti, kila kimoja kwa maswali machache.

Ufadhili: kama umeajiriwa, au unaweza kuajiriwa, kwenye taasisi shirika ya CARTA, muungano wa vyuo na vituo vya Afrika wa kufundisha watafiti wa PhD (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ifakara zimo), fuatilia kama wanatangaza nafasi, mpango huo unaongozwa na APHRC pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kwa upande wa ubongo, Global Brain Health Institute ya San Francisco na Dublin ina nafasi za mafunzo kwa watu wa fani mbalimbali, si madaktari tu. Wasimamizi chukua wawili: mmoja wa fani mama chuoni kwako, mwingine wa uzee hata akiwa nje, na mwandikishane nani anasoma nini na kwa siku ngapi.

TakwimuZaUmri

Nyongeza kwenye sura ya tatu. Watu wako 200 baada ya miezi 12 hawatakuwa 200. Wapo watakaokufa, watakaohamia kwa mtoto Dar, watakaokataa, na ambao hutawakuta tu. Hizo ni hali nne tofauti, zisiandikwe zote "hakupatikana". Anayekufa na anayepelekwa kwa mtoto mara nyingi ndio waliokuwa dhaifu zaidi, kwa hiyo ukichambua waliobaki peke yao utasema wazee wa kata yako wanazidi kuwa imara. Linganisha alama za mwanzo za waliobaki na za kila kundi lililotoka, liweke kwenye jedwali la kwanza, lisiwe tanbihi.

Ukifanya uchambuzi wa vifo, tumia umri kama saa ya kuhesabia, na kila mtu aingie kwenye hesabu kuanzia umri uliomkuta nao, si kuanzia 60. Aliyekutwa na miaka 78 tayari amevuka miaka 18 ambamo wenzake wamekufa bila wewe kuwaona. Ukimhesabu kama aliyekuwa chini ya macho yako tangu 60, umempa uhai wa bure.

KaraniWaMaadili

Vibali, maana ndiko muda unakopotelea. Kamati ya maadili ya chuo kwanza, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa kibali cha kitaifa. Baada ya hapo barua inashuka: mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi hata moja. Ukianza na mwenyekiti kwa sababu unamfahamu, mtendaji atakusimamisha siku ya pili. Ukipeleka kazi Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, pamoja na kamati ya maadili iliyosajiliwa, na ofisi za kaunti. Zanzibar wana utaratibu wao, vibali vya Bara havitoshi.

Kwa wazee, kamati itakubana kwenye ridhaa. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mtu wa timu yako na si mtendaji wa kijiji, kwa kuwa mbele ya mtendaji mzee hawezi kukataa. Kwa mwenye dalili za demensia, ndugu anatoa ridhaa na mzee mwenyewe anaulizwa kwa maneno mepesi. Akigeuza uso au akisukuma kifaa, hiyo ni "hapana", hata kama mwanawe ameshasaini. Kwa kuwa utamrudia baada ya miezi 12, ridhaa iulizwe upya. Aliyekuwa na akili timamu mwaka jana huenda hayuko hivyo sasa, kwa hiyo kwenye ridhaa ya kwanza muulize: tukirudi na wewe huwezi kujibu, tumuulize nani? Liandike jina hilo.

Andaa pia utakachofanya ukikuta presha ya 200, mzee aliyefungiwa ndani, au anayesema anataka kufa. Kamati itauliza, na jibu la "tutampa rufaa" halitoshi. Andika kituo gani, nani analipa nauli, nani anafuatilia kama alifika.

BintiUluguru

Nimeelewa. Nakwenda na akili, sura tatu, na nitahamishia umri wa kuanzia kwenye 65. Swali moja: kumfuatilia mtu mwaka mzima bila kumpoteza inafanyikaje kwa vitendo? Simu za wazee wengi ni za wajukuu.

Mlezi_wa_Tasnifu

Chukua namba tatu: ya nyumbani, ya mtoto anayeishi nje ya kijiji, na ya jirani au kiongozi wa dini anayemfahamu. Ya mtoto aliye nje ndiyo muhimu, kwa sababu mzee akihama anahamia huko. Piga kila miezi mitatu, dakika mbili, salamu na kuuliza kama bado yupo palepale. Dodoso la simu lisiwepo. Chukua pia alama ya GPS ya nyumba, na uiandike nyumba kwa maneno: nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu, mwembe mkubwa uani. Kaya zinahama, vijiji vinagawanywa na kubadilishwa majina, lakini mdodosaji mpya akiwa na maelezo hayo anafika.

Akifariki, usiende na dodoso la sababu za kifo wiki hiyo. Kwa familia za Kiislamu subiri arobaini ipite. Kwa wengine uliza wao humaliza lini mambo ya msiba. Lakini usivuke mwaka, waliomuuguza wataanza kusahau ni kipi kilitangulia, homa au kuanguka. Na aende mdodosaji yuleyule aliyempima marehemu.

FizioKaskazini

Hapo kwenye mdodosaji yuleyule niongeze. Hata kwa walio hai, ukibadilisha mtu wa kupima kati ya raundi mbili, kilo mbili za mkono zinaweza kupungua bila mzee kubadilika. Kabla ya kila raundi, wadodosaji wote wawili wawapime wazee 20 walewale, siku tofauti, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Wakipishana sana, simamisha, rudini kwenye mwongozo. Weka siku nne za kazi hiyo kwenye bajeti tangu sasa, maana huo ndio mstari wa kwanza kukatwa fedha zikipungua.